Risala ya Klabu ya Jiografia kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Taaluma

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Karibu sana Mbeya. Mwaka huu klabu yetu imesoma habari za Rotterdam, mji wa bandari na viwanda nchini Uholanzi, karibu na midomo ya mito Rhine na Maas. Tuliuchagua kwa sababu adui wake wa kwanza anafahamika vizuri Kyela, kwenye Ziwa Nyasa: mchanga.

Karne ya 19 njia za zamani za kwenda baharini zilikuwa zikijaa mchanga huku meli zikizidi ukubwa. Mwaka 1866 ulianza kuchimbwa mfereji wa Nieuwe Waterweg, ukafunguliwa 1872. Mhandisi Pieter Caland alitegemea maji kupwa yauchimbe mfereji zaidi. Lakini mlango wa baharini ulikuwa mpana mno. Maji yakapoteza kasi, mchanga ukatua. Mfereji uliokolewa na mashine za mvuke za kuchimba chini ya maji, na hadi leo mchanga huondolewa kila mwaka.

Kina kilipopatikana, viwanda vilifuata. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia zilijengwa sehemu mpya za bandari, Botlek na Europoort, zenye viwanda vya kusafisha mafuta, kisha Maasvlakte juu ya ardhi iliyofukiwa baharini. Kuanzia 1962 hadi 2004 hapakuwa na bandari iliyoipita Rotterdam duniani kwa tani za shehena. Hasara ya kina hicho ni chumvi: maji ya bahari ni mazito, hupenya chini ya maji ya mto, na kadiri mfereji unavyochimbwa ndivyo yanavyofika mbali.

Ziwa Nyasa halina kupwa na kujaa kwa kusaidia kusukuma mchanga. Mto Kiwira ukifika ziwani hupoteza kasi, ukatua mzigo wake wa mchanga hapo hapo, na bandari ya Itungi imeteseka kwa hilo. Kwa maoni yetu, kazi ianzie juu, Rungwe, kwa kuheshimu mita 60 za ukingo wa mto ambazo Sheria ya Mazingira ya 2004 inazilinda.

Mheshimiwa, ili tupime udongo unaobebwa na mto, tunaomba mizani ndogo, karatasi za kuchujia na chupa za lita moja. Maji huchotwa katikati ya mto, kwa kuwa ukingoni kasi ni ndogo na kipimo hudanganya. Huchujwa, tope likakaushwa na kupimwa. Mvua kubwa ikinyesha, kipimo kirudiwe siku hiyo hiyo, maana ndipo mto hubeba udongo mwingi zaidi. Tunaomba pia usafiri wa kwenda Itungi na bandari ya Kiwira, masika na kiangazi, ili vipimo vilinganishwe.

Tunaomba kuwasilisha.