Mwanangu, Akili Yako Usimkabidhi Mtu

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako wa jana usiku nimeusoma, pamoja na ile habari uliyoambatanisha, yenye kichwa kinachotangaza kwamba wanasayansi wamethibitisha waumini hawafikiri. Chini yake uliandika neno moja tu: "Unaona?" Nimeona. Na kwa kuwa Jumamosi unaondoka, na siku yenyewe nyumba itajaa watu, heri nikuandikie sasa, usome ukiwa peke yako.

Sikuandikii ili nikurudishe kwenye ibada. Ukiamini u mwanangu, usipoamini u mwanangu vilevile. Najua mezani, uliposema kwamba dini inazuia watu kufikiri, mambo hayakusemwa hivi, na si baba yako peke yake aliyepandisha sauti. Hofu yangu ni nyingine kabisa. Unakwenda mahali ambapo kila mwenye ulimi mtamu atataka umkabidhi akili yako, na hii habari uliyonitumia inanionyesha kwamba kuna mtu umeshaanza kumkabidhi. Uliifungua? Au ulisoma kichwa cha habari, kikakupendeza, ukanitumia?

Jaribio linalozungumzwa pale ni la wanasaikolojia Will Gervais na Ara Norenzayan, lilitoka katika jarida la Science mwaka 2012. Sehemu iliyopata umaarufu ilikuwa hivi. Wanafunzi 57 waligawanywa makundi mawili. Kundi moja likaonyeshwa picha za sanamu iliyochongwa na Rodin, ya yule mtu aliyeketi ameegemeza kidevu mkononi anawaza. La pili likaonyeshwa sanamu ya mrusha kisahani. Kisha kila mmoja akaulizwa anamwamini Mungu kwa kiasi gani, kuanzia 0 hadi 100. Walioangalia sanamu ya mwenye kuwaza walijipa alama za chini zaidi. Kutoka hapo vichwa vya habari vikaruka hadi "kufikiri kunaua imani".

Sasa likague jaribio hilo kama ambavyo ungekagua majaribio ya dawa. Watu 57 ukiwagawa mara mbili ni chini ya 30 kwa kila upande. Wakiangukia upande mmoja, kwa bahati tu, watu wachache wenye imani kali, wastani unahama. Tena, picha ya sanamu iliyotazamwa kwa muda mfupi ingeng'oaje imani aliyokua nayo mtu tangu utoto? Mwaka 2017 watafiti wengine walilirudia kwa watu wengi zaidi, wasione tofauti yoyote. Mwaka 2018 kundi jingine lilirudia majaribio 21 ya sayansi ya jamii yaliyowahi kutoka katika majarida ya Nature na Science; 13 yalisimama, na hili halikuwa miongoni mwao. Gervais mwenyewe alikiri hadharani kwamba jaribio lao lilikuwa dhaifu. Huyo ndiye mtu wa kumwiga, awe anaamini au haamini: kazi yake iliyompa jina ilipoanguka, alisema imeanguka.

Usije ukadhani nimekuvunjia habari yako ili nishinde. Zipo takwimu zinazoegemea upande wako, na ungezitafuta ungenibana vizuri zaidi. Mwaka 2013 Miron Zuckerman na wenzake walikusanya tafiti 63 zilizopima akili na dini. Kwa jumla, kadiri alama za vipimo vya akili zilivyopanda, udini ulishuka kidogo, na uwiano waliopata, yaani kipimo cha jinsi mambo mawili yanavyokwenda pamoja, ulikuwa −0.24. Hiyo namba si sifuri, na mwumini mkweli haifichi. Lakini isome sawasawa. Uwiano huenda kutoka −1 hadi 1. Ukizidisha 0.24 kwa 0.24 unapata takriban 0.06, yaani kama asilimia 6 tu ya tofauti za alama hizo kati ya watu ndiyo inayokwenda pamoja na dini. Asilimia 94 iliyobaki ina maelezo mengine. Uwiano haukuambii kipi kimesababisha kipi. Halafu tafiti nyingi zile zilifanyika Marekani, na Gervais na wenzake walipokwenda kutazama nchi 13, mwaka 2018, uhusiano wa kufikiri kwa uchambuzi na kutoamini ulikuwa hafifu na wa kuyumba: hapa upo, pale haupo. Kungekuwa na kitu ndani ya imani yenyewe kinachozima ubongo, kingezima kila mahali.

Hesabu unaziweza, na nakusifu kwa hilo mbele za watu kuliko ninavyokusifu mbele yako. Lakini hapo ndipo ninapoogopa zaidi. Dan Kahan na wenzake waliwapa Wamarekani jedwali la namba walisome. Wengine waliambiwa namba zinahusu mafuta ya kutibu vipele. Wengine, namba zilezile, waliambiwa zinahusu sheria za bunduki. Kwenye vipele, wajuzi wa hesabu walipata jibu sahihi zaidi. Kwenye bunduki, wajuzi haohao ndio waliotofautiana zaidi kwa misimamo ya vyama vyao. Ujuzi waliutumia kulinda walichokuwa wanakipenda tangu mwanzo. Kwa hiyo usijiambie kwamba kwa kuwa una akili, hutadanganyika. Mwenye akili hujidanganya kwa hoja nzuri zaidi.

Basi dini inadumaza fikra au haidumazi? Jibu langu, na nimelipima kwa muda mrefu, ni kwamba swali limekaa vibaya. Usitazame watu wanaamini nini kwanza. Tazama swali likiulizwa linafanywaje, na aliyeuliza anafanywaje.

Solomon Asch alilionyesha jambo hili miaka ya 1950 bila kutaja dini hata kidogo. Mtu aliwekwa chumbani na wengine, akaulizwa ni mstari upi kati ya mitatu unaolingana na mstari mmoja. Jibu lilikuwa wazi kwa macho. Ila wale wengine walikuwa wamepangwa kutoa jibu la uongo kwa pamoja. Karibu theluthi ya majibu yalifuata uongo wa kundi. Sehemu ninayotaka uishike ni hii: alipowekwa mtu mmoja tu wa kusema kinyume na kundi, kufuata mkumbo kulianguka sana. Mmoja tu. Kundi lolote linalotaka kuzima fikra linajua hivyo, ndiyo maana linamwandama yule mmoja mapema.

Galileo alihukumiwa na Kanisa mwaka 1633, na usikubali mtu akulainishie hilo. Lakini weka pembeni yake Nikolai Vavilov, mwanasayansi wa mimea wa Umoja wa Kisovieti, nchi ambayo msimamo wake rasmi ulikuwa kupinga dini. Alitetea sayansi ya urithi dhidi ya nadharia za Lysenko, mtaalamu wa kilimo aliyependwa na wakubwa, akakamatwa mwaka 1940, akafia gerezani 1943. Mwaka 1948 nadharia za Lysenko zikafanywa ndizo pekee zinazoruhusiwa. Pale hapakuwa na padri wala sheikh. Palikuwa na jibu moja lililokatazwa kuhojiwa.

Na upande wa pili, al-Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu ambaye wengi humtaja kama adui wa falsafa, aliandika kwamba kupatwa kwa mwezi kunathibitishwa kwa hesabu zisizo na shaka, na anayepinga hesabu hizo kwa jina la dini anaidhuru dini kuliko maadui zake. Georges Lemaître alikuwa padri na mwanafizikia. Mwaka 1927 alitoa hoja kwamba ulimwengu unatanuka. Papa Pius XII alipoanza, mwaka 1951, kuifanya nadharia hiyo kuwa uthibitisho wa uumbaji, Lemaître hakufurahi, na alitaka sayansi ile isitumiwe hivyo. Mtu huyo alikuwa na kila sababu ya kufurahia sifa.

Utakakokwenda watakukaribisha makundi mengi: ya maombi, ya wanaoicheka dini, ya siasa. Yote yajaribu kwa njia moja. Uliza swali dogo la kweli, kwa heshima, mbele ya watu. Kisha sikiliza jibu linakwenda wapi. Likienda kwenye swali, hata kama ni "hatujui", kaa. Likienda kwako ("huna imani", "hilo ni la shetani", au kwa lugha ya wale wengine "bado hujaamka"), uliza mara ya pili, maana mtu anaweza kuwa amechoka tu siku hiyo. Likienda kwako tena, ondoka. Tazama pia wanawasemaje waliotoka. Na tazama wanataka kushika nini chako: simu, kitambulisho, fedha, mawasiliano na nyumbani. Jonestown, Guyana, mwaka 1978, watu zaidi ya 900 wa kundi la kidini la Jim Jones walikufa, wengi wao kwa sumu. Kabla ya sumu, pasipoti zilikuwa zimechukuliwa, barua zilikuwa zinakaguliwa, na sauti ya kiongozi ilikuwa ikisikika kwenye vipaza sauti. Sumu ilikuja mwisho kabisa. Mtu yeyote akikwambia uache dawa yako ya pumu kwa sababu umeombewa, au kwa sababu umesoma mahali kwamba dawa ni njama, hapo hakuna mjadala mwanangu, ondoka siku hiyohiyo.

Kuhusu shuhuda, kanuni ni ya zamani sana. Cicero, mwandishi wa Kirumi, anasimulia juu ya Diagoras, Mgiriki asiyeamini miungu, aliyeonyeshwa picha za watu waliowekea miungu nadhiri wakaokoka baharini. Akauliza: wako wapi waliozama? Wao hawakuwahi kuchora picha. Ukisikia walioomba wakapona, uliza wangapi waliomba wasipone, na wangapi walipona bila kuomba. Unahitaji namba zote nne, pamoja na wasioomba wasiopona, ndipo ulinganishe. Fanya hivyohivyo kwa rafiki zako wanaokuhesabia waumini wajinga: wajinga wasioamini ni wangapi? Nao werevu wa kila upande?

Kazi ninayokupa, na hii ndiyo nataka uifanye kweli, ni ya namna Thomas Aquinas, mwanatheolojia Mkatoliki, alivyoandika. Kila swali alilianza kwa hoja za wanaompinga. Kwenye swali la kama Mungu yupo, la kwanza aliloliweka ni kwamba uovu upo. La pili, kwamba mambo ya ulimwengu yanaweza kuelezwa bila Mungu. Hoja hizohizo unazoniletea leo aliziandika yeye, karne ya 13, juu ya ukurasa wake mwenyewe, kisha ndipo akajibu moja moja. Majibu yake unaweza kuyakataa. Mpangilio wake uuchukue. Chukua karatasi. Juu andika unachoamini kwa sentensi moja. Chini yake andika hoja mbili zenye nguvu za anayekupinga, kwa namna ambayo yeye mwenyewe akisoma atasema, "Ndivyo ninavyosema." Hapa ndipo wengi huharibu: huandika hoja dhaifu ili waziangushe kirahisi. Mpe mtu wa upande ule asome kabla hujajibu. Halafu jibu. Mwisho kabisa andika ni kitu gani kikitokea utabadili msimamo. Ukikosa cha kuandika hapo, ujue hiyo sentensi ya juu hujaifikiria, umekabidhiwa. Ifanye kwa sentensi yako ya "dini inazuia watu kufikiri". Mimi nitafanya ya kwangu, kinyume chake, nikutumie. Na baba yako nimemwambia, hakukataa.

Mdogo wako amerudi kutoka darasa la dini akiwa amenuna. Aliuliza Mungu aliumbwa na nani, akaambiwa akae chini. Nimemwambia aliandike hilo swali kwenye daftari na asilifute. Anataka kukuuliza wewe, kwa hiyo kabla ya kuondoka kaa naye, ila usimpe jibu lako kama sheria, umeona mwenyewe maumivu ya kupewa hivyo. Hapa ndani maswali yako mengine nayo yalikatizwa kwa sababu ilikuwa usiku, watu wamechoka. Uliyauliza tena kesho yake. Hilo nililiona, na lilinifurahisha hata pale nilipokuwa nakwambia ulale.

Begi kubwa zipu yake imetengenezwa, lakini usilijaze mpaka juu, itakatika tena. Nakala za vyeti nimeziweka kwenye bahasha ya plastiki, seti mbili. Moja iwe kwenye begi la mkononi, halisi zibaki nyumbani mpaka waziombe. Dawa ya pumu ziko mbili, angalia tarehe ya kwisha muda kwa chini, na moja usiiache mbali na kitanda. Blanketi la bluu chukua, lile jingine anataka mdogo wako. Mama mkubwa anasema ukifika umpigie kabla hujampigia mtu mwingine. Nipigie mimi kwanza, halafu yeye. Na ile karatasi naitaka kabla mwezi haujaisha, kwa mwandiko wako.

Mama yako