Taabu ikiwa bado moto haimfunzi mtu kitu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niseme neno kuhusu ile kauli ambayo kila mgonjwa ameisikia, kwamba taabu humfunza mtu kuthamini raha. Mimi ni fundi cherehani, mwanamke mtu mzima, na niliisikia sana nilipokuwa nimelala chali, kugeuka tu ni shughuli. Kauli ina ukweli wake, ila husemwa wakati usio wake.

Kilichoniangusha ni mgongo. Ile diski laini inayokaa katikati ya pingili za kiuno ilichomoza ikakandamiza mshipa wa fahamu, maumivu yakawa yanateremka toka kalioni hadi kidole gumba cha mguu. Daktari alinieleza kuwa wengi hupata nafuu bila kupasuliwa, baada ya wiki kadhaa au miezi. Nikavumilia, maana sikuwa na la kufanya.

Walionijia kunijulia hali walikuwa watu wema. Wakishakaa, hotuba ni ile ile: ukipona utajua thamani ya afya. Mhariri, mtu anayeogopa kupiga chafya hafundishiki. Naam, chafya. Pua ikianza kuwasha, nilishika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili, kwa sababu kishindo chake kilipita kiunoni kama shoti ya umeme. Saa hiyo sikuwa na hekima yoyote kichwani, niliomba tu ipite.

Somo likija, huja siku mambo yanapoanza kulegea. Kwangu lilikuja na pini. Anayeshona anajua zinavyoanguka ovyo. Nilipoanza kurudi kwenye cherehani nilikuwa naziokota kwa sumaku niliyoifunga uzi. Siku hiyo ilianguka moja, nikainama, nikaiokota na kuichomeka kwenye kijimto chake, ndipo nikakumbuka kwamba mimi si mtu wa kuinama. Nikaiangusha tena kusudi. Binti yangu aliyekuwa akinitazama alidhani akili zimeniruka. Mimi nikaendelea kuangusha na kuokota.

Furaha ile haikudumu. Haikuchukua muda nikawa nagombana na uzi unaokatika kama fundi mwingine yeyote. Sioni aibu, ndivyo tulivyo. Mwaka 1978 mwanasaikolojia Philip Brickman na wenzake huko Marekani walichapisha utafiti uliowalinganisha washindi wa bahati nasibu na watu wasioshinda kitu. Washindi walisema wanapata raha pungufu katika mambo madogo kama kuongea na rafiki, kupata kifungua kinywa au kusikia kichekesho. Washindi wenyewe walikuwa 22 tu, kwa hiyo siufanyi msahafu, lakini unalingana na ninayoyaona: kizuri kikishazoeleka, macho hayakioni tena.

Wapo wanaoshauri kuandika mambo ya kushukuru. Wanasaikolojia Robert Emmons na Michael McCullough waliwajaribu watu kwa njia hiyo, na mwaka 2003 wakaeleza kuwa walioandika ya shukrani waliyaona maisha yao kuwa mazuri kuliko walioandika kero. Nami nilianza, nyuma ya daftari la vipimo vya wateja. Mwanzoni nilikuwa naandika "afya, watoto, uzima" kama ninayejaza fomu, na halikunisaidia lolote. Lilianza kuwa na maana nilipoandika kitu chenyewe: leo nimevaa viatu bila kukaa.

Kuna wengine ambao taabu yao haina siku ya kulegea. Mwenye maradhi ya kudumu, au aliyemzika mtoto, ukimwambia haya yatamfunza kuthamini raha, unamdhihaki hata kama hukukusudia.

Ndiyo maana nawaomba wasomaji wenzangu, tukienda kumtazama mgonjwa tuache hotuba, tumuulize tu amekosa nini zaidi. Jirani mmoja aliniuliza hivyo, nikamwambia natamani kuoshwa nywele. Hakusema neno. Alileta beseni akaliweka chini ya shingo yangu pale pale kitandani, akaanza kumimina. Maji yalimwagika yakalowesha godoro zima, tukacheka, na kila nikicheka kiuno kinaniuma, nikawa namsihi aache kunichekesha huku nimemng'ang'ania mkono asiondoke.

Fundi cherehani,
Msomaji wenu