Vyeti vya mshauri wa fedha mstaafu

Minneapolis

Shikamoo Baba Mdogo,

Picha za vyeti vya yule mzee aliyerudi kutoka Marekani, mshauri wa fedha mstaafu anayewashauri kuhusu fedha za kiwanja, zimefika, nami nimevisoma kimoja kimoja. Nakuomba fedha za kiwanja zisitoke benki kwanza.

Series 7, cheti cha mtihani wa wauza hisa wa Marekani, si karatasi ya mchezo. Enzi zake ulikuwa mtihani wa maswali 250 kwa saa 6. Tangu 2018 ni maswali 125. Aliyeufaulu aliruhusiwa kuuza hisa na hati fungani, ila akiwa chini ya kampuni iliyosajiliwa. Akiacha kazi, kampuni hupeleka fomu U5, yaani taarifa ya kuondoka kwake, ndani ya siku 30, na usajili wake hukoma. Ikipita miaka 2 bila kusajiliwa tena, kwa kawaida hata mtihani wenyewe hupoteza nguvu. Cheti kinabaki ukutani, leseni haipo.

Muombe namba yake ya CRD, yaani namba ya usajili ya wauza hisa wa Marekani. Mtu aliyefanya kazi safi hataona vibaya kuitoa. Kisha ingia BrokerCheck, tovuti ya bure ya FINRA, chombo kinachosimamia wauza hisa huku Marekani, hata kwa simu. Ukitafuta kwa jina, jaribu pia jina la babu yake, maana huku majina yetu hupangwa vingine. Ripoti ikifunguka, usikawie kwenye orodha ya kampuni. Nenda penye malalamiko ya wateja, adhabu na kufilisika, halafu angalia kama kuna kampuni aliyoondoka kwa sababu ya tuhuma. Kumbuka, aliyestaafu zaidi ya miaka 10 iliyopita huenda asionekane kabisa, na hilo peke yake halimtii hatiani wala halimsafishi.

Lakini hata rekodi safi haitoshi. Bernard Madoff, tapeli mkubwa wa uwekezaji wa New York, aliwahi kuwa mwenyekiti wa soko la hisa la Nasdaq, na wateja wake waliibiwa mpaka alipokamatwa Desemba 2008. Fedha alizishika mwenyewe, na taarifa za akaunti zilitoka ofisini kwake. Kwa hiyo ushauri wa mzee upokeeni, mumshukuru, ila hata shilingi moja isiingie kwenye akaunti yake. Mkitaka hati fungani za serikali, mnunue kupitia benki au dalali mwenye leseni ya CMSA, mamlaka ya masoko ya mitaji, na akaunti ya CDS, inayotunza hati zenu kielektroniki, iwe kwa jina lako na la Mama Mdogo. Vipande vya UTT AMIS, ile mifuko ya uwekezaji wa pamoja, vivyo hivyo.

Akikupa hiyo CRD, nitumie WhatsApp, nitaisoma ripoti yote na kukueleza kwa simu.

Mwanao,
Salim