Asidi ya naitriki haifungwi kwa vumbi la mbao

Mhariri,

Wafungashaji huiogopa asidi ya naitriki kwa kuwa inaunguza ngozi, wakasahau kwamba ile kali huoksidisha pia, yaani huchochea vitu vingine kuungua. Ikivuja kwenye vumbi la mbao huwasha moto; hiyo ndiyo iliyoiangusha ndege ya mizigo mjini Boston mwaka 1973, wakafa wote watatu waliokuwamo. Chupa izungushiwe vermikulaiti, madini mepesi yasiyoungua.

Haidrojeni peroksaidi, kemikali ya kupaushia, nayo hutoa oksijeni polepole ikiwa ndani ya dumu. Melini hupewa kifuniko chenye tundu la kupumulia, dumu likisimama wima. Kwenye ndege tundu hilo ni marufuku, na myeyusho unaozidi asilimia 40 haupandi kabisa. Dumu lililofungwa kwa safari ya meli lisihamishiwe uwanja wa ndege eti mteja ana haraka.

Mfungashaji wa shehena hatari