Tusiilaumu katriji bure

Mhariri,

Miezi miwili nzima niliilaumu katriji, kile kikasha cha wino cha printa yangu ya injeti, ile inayorushia karatasi matone ya wino. Picha za harusi ya binti yangu zilitoka zimefifia, wino umetambaa kama chai iliyomwagika kitambaani. Kumbe kosa ni karatasi: ile ya barua, gramu 80 kwa mita ya mraba. Wino wa printa hizi una maji mengi, na nyuzi za karatasi ya kawaida huufyonza.

Nikanunua ya kung'aa, nikakosea tena! Ilikuwa ya printa za leza, zinazotumia unga badala ya wino wa maji. Wino ukabaki juu, ukanichafua vidole. Watengenezaji wangeandika jambo hilo kwa herufi kubwa.

Sasa natumia karatasi ya picha iliyoandikwa “injeti”, gramu 240, na kwenye kompyuta nachagua aina hiyohiyo kabla ya kuchapa. Nikikumbuka.

Baba wa bibi harusi