Risala ya Wanafunzi kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kumkumbuka Mbaraka Mwinshehe

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule pamoja na walimu wetu,
Wazee wetu mliotoka Mji Mpya, Mwembesongo, Kichangani na Bigwa kuja kukaa nasi leo,
Wazazi, wageni waalikwa na wanafunzi wenzetu,

Shikamooni.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunakushukuru kwa kuitikia wito wetu ukiwa na majukumu mengi. Karibu sana shuleni kwetu, na karibu Morogoro, mji kasoro bahari.

Klabu yetu ya kukusanya kumbukumbu za wazee ilianza na kazi ya nyumbani. Mwalimu wetu wa Historia alitutuma tukawaulize bibi na babu zetu: walipokuwa vijana, nani alikuwa mtu mashuhuri kuliko wote katika mji huu? Tulitegemea kurudi na majina ya machifu na viongozi. Tuliporudi darasani na kufungua madaftari, karibu kila daftari lilikuwa na jina moja. Wengine waliandika Mbaraka Mwinshehe. Wengine waliandika Mbaraka tu, maana bibi aliyeulizwa hakuona haja ya kuongeza jina la pili. Wengi wetu hatukuwa tumewahi kulisikia. Hapo ndipo tulipoona aibu, na hapo ndipo klabu ilipozaliwa.

Mheshimiwa, tuliyojifunza ni haya. Mbaraka Mwinshehe alizaliwa mwaka 1944. Katikati ya miaka ya 60, akiwa bado kijana mdogo, alijiunga na Morogoro Jazz Band, akawa mpiga gitaa la solo, mtunzi na mwimbaji wake mkuu. Mwaka 1970 bendi hiyo ilikwenda Japani, kwenye maonyesho makubwa ya dunia ya Expo 70 pale Osaka, kuiwakilisha Tanzania. Vijana wa mji huu uliokuwa ukijulikana kwa mkonge na reli walipanda jukwaa Osaka! Mwaka 1973 alitoka, akaunda bendi ya Super Volcano. Januari 1979 alifariki kwa ajali ya gari Mombasa, akiwa na umri wa miaka 34.

Wakati wake bendi ilikuwa pia gazeti la watu. Dokta Kleruu, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, alipouawa siku ya Krismasi mwaka 1971, Mbaraka alimtungia wimbo wa maombolezo. Babu mmoja alituambia kwamba habari yenyewe aliisikia redioni siku moja tu ikapita, lakini kwa wimbo ule aliendelea kumlilia marehemu miaka yote.

Wazee wametuonya pia tusimsimulie Mbaraka kana kwamba alikuwa peke yake. Kabla yake mji huu ulikuwa na Salum Abdallah wa Cuban Marimba, bendi iliyoanza mwaka 1948, naye pia alikufa kwa ajali ya gari, mwaka 1965. Juma Kilaza akaishika bendi ile, na ushindani na Morogoro Jazz ukaendelea. Mzee mmoja fundi cherehani, ambaye yuko nasi hapa, ametusimulia kwamba nyumbani kwao baba alikuwa Cuban na mama alikuwa Morogoro Jazz. Jumamosi jioni kila mmoja alijipamba akaenda kwenye ukumbi wake, na asubuhi yake chai ilinywewa kwa kubishana. Yeye mwenyewe alikuwa mtoto, hakuruhusiwa kuingia. Alisimama nje kwenye dirisha la ukumbi, juu ya kreti la soda, na kwa kuwa kreti lilikuwa moja na watoto walikuwa wanne, walipeana zamu ya wimbo mmoja mmoja. Anasema hadi leo ziko nyimbo za Mbaraka anazozijua kwa miguu ya wachezaji, viatu vya raizoni na suruali za bugaluu, kwa sababu zamu yake ilipokwisha alishuka chini akabaki kuchungulia kwenye upenyo wa mlango.

Mheshimiwa, kumbukumbu hizi hazikubaliani zote. Wazee wawili walibishana mbele yetu kuhusu rangi ya gitaa lake hadi mmoja akasimama kuondoka. Hatukuchagua mshindi. Tumeandika maneno ya wote wawili, kila mmoja alivyosema, kwa kuwa wote wawili walikuwepo na sisi hatukuwepo.

Kuhusu siku ya msiba, wote wanasema kitu kimoja. Januari ile nchi ilikuwa vitani na Idi Amin. Kila nyumba yenye redio ilijaa majirani waliokuja kusikiliza habari za mstari wa mbele, na wengi walikuwa na kaka au mtoto huko. Betri zilikuwa za shida, zikianza kuchoka zilianikwa juani juu ya bati ili zirudishe nguvu kidogo kabla ya taarifa ya jioni. Watu walikuwa wamejiandaa kusikia habari za vifo kutoka Kagera. Hawakuwa wamejiandaa kusikia kifo kutoka Mombasa. Mama mmoja muuza mboga sokoni anakumbuka kwamba kesho yake wenzake waliotoka Mgeta na mizigo yao walifika hawajui kitu, wakakuta sokoni watu wamekaa chini ya meza zao bila kuuza. Kila aliyeshuka aliambiwa, akatua mzigo, naye akakaa.

Sasa, Mheshimiwa, naomba nikusimulie habari ya bibi aliyekaa mstari wa mbele pale, mwenye khanga ya kijani. Tulipokwenda kwake mara ya kwanza hakusema mengi. Aliingia ndani, akainama chini ya kitanda, akatoka na kitu kilichofungwa kwenye khanga kuukuu. Ilikuwa santuri ndogo, ile ya wimbo mmoja uliogawanywa: sehemu ya kwanza upande huu, sehemu ya pili ukigeuza. Karatasi ya katikati imefutika, haisomeki hata herufi. Marehemu mume wake alimnunulia walipokuwa wachumba. Walikuwa na gramafoni, ikaharibika, ikauzwa kama chuma chakavu. Santuri akabaki nayo, miaka yote hii haina pa kulia.

Tulimwomba atuimbie. Akaimba, sauti yake nyembamba lakini haikosei. Katikati ya ubeti alikata neno, akarudi nyuma, akaendelea. Tulidhani amesahau. Tukamwomba tena, akakata palepale. Akaona tunaangaliana, akatueleza: santuri yao ilikuwa na mkwaruzo, sindano ilikuwa inaruka mahali pale, na kwa kuwa waliisikiliza kila jioni, yeye na mume wake waliimba na mruko wake. Watoto wao wamekua wakiimba hivyo. Wajukuu wao pia. Mmoja wa wajukuu hao ni mwanaklabu mwenzetu, na ni kweli, anaimba vilevile, na hakuwa akijua kwa nini.

Mimi ninayesoma risala hii nimeisoma historia ya mji wetu katika vitabu vichache vilivyopo. Sijakuta humo kitu kilichonionyesha jinsi watu walivyompenda mtu huyu kama mruko ule.

Mpaka sasa tumewasikiliza wazee thelathini na mmoja. Watatu kati yao wameshatutoka tangu tuanze, Mungu awapumzishe. Kwa hiyo maombi yetu, Mheshimiwa, yana haraka. Tunarekodi kwa simu za walimu, na simu zikijaa tunalazimika kufuta. Tunaomba kifaa cha kurekodia sauti na mahali pa kuhifadhi. Tunaomba kabati moja tu, lenye kufuli, katika maktaba ya mkoa, ili maandishi haya yasiishie kwenye ofisi ya mwalimu mmoja ambaye kesho anaweza kuhamishwa. Na ombi kubwa kuliko yote: enzi hizo nchi yetu haikuwa na kiwanda cha santuri. Bendi zilirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam, na santuri zilitengenezwa Kenya. Kanda nyingi za wakati ule zimehifadhiwa TBC, shirika la utangazaji la taifa, hadi leo. Tunakuomba utusaidie kuandika barua, yenye sahihi yako chini yake, kuomba nakala za nyimbo za Mbaraka na za Salum Abdallah zije zisikilizwe hapa walipokuwa wakiishi. Barua ya wanafunzi inaweza kuchelewa kujibiwa, lakini yako haitachelewa.

Pia tungependa familia za wanamuziki wale waalikwe kila tunapofanya shughuli kama hii, wakae meza kuu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mbele yako kuna mashine ya santuri tuliyoazimwa na mzazi mmoja kwa ajili ya leo. Bibi amekubali kuitoa santuri yake. Haijachezwa tangu gramafoni yao ilipouzwa, na hatukuijaribu. Tulitaka mara ya kwanza iwe mbele ya watu wote hawa. Tunakuomba uje utushushie sindano. Ikifika mahali pake itaruka. Tafadhali usiiguse, iache iruke, bibi atakuwa anaimba.

Tunaomba kuwasilisha.