Ukungu haupatikani kwa kufuta rangi

Mhariri,

Makala ya upigaji picha katika toleo lenu la Jumapili iliyopita ilifundisha kwamba picha ya mandhari yenye mwelekeo wa Tao, falsafa ya kale ya China, hupatikana kwa kupiga picha ya kawaida, kuifuta rangi, kisha kukoleza weusi na weupe hadi mwisho. Ukikoleza hivyo unaua vijivu vya katikati, na hivyo ndivyo vinavyobeba picha.

Tazameni Huangshan, milima ya mkoa wa Anhui nchini China, ambayo mpiga picha Wang Wusheng alianza kuipiga mwaka 1974 na hakuiacha kwa miongo kadhaa. Kabla yake Lang Jingshan (1892–1995) alikuwa akiunganisha negativu kadhaa katika chumba cha giza: mlima kutoka hii, mti kutoka ile, na maungio yakifichwa ndani ya ukungu. Wachoraji wa wino wa China walikwishazoea kuiacha karatasi bila kuigusa pale palipo na wingu au maji. Daodejing, kitabu kikuu cha Tao, katika sura ya 11 inasema chungu hufaa kwa sababu ya uwazi wake wa ndani. Sura ya 12 inaonya kwamba rangi tano hupofusha macho. Kwa hiyo weupe katika picha hizi hupangwa kabla ya kubofya.

Kipima mwanga cha kamera hudhani kila kinachokiona ni kijivu cha wastani. Kikikutana na ukungu hupunguza mwanga, nao ukungu hutoka mchafu kama moshi wa kuni mbichi. Ongeza stopu 1 hadi 1⅔ (kila stopu huongeza mwanga maradufu). Kwa kamera ya dijitali hifadhi faili ghafi na uangalie histogramu, yaani grafu ya weusi hadi weupe wa picha: isogee kulia bila kugusa ukingo, kwani weupe uliokwisha kuungua haurudi. Filamu ya nyeusi na nyeupe huvumilia zaidi upande huo. Yenyewe hupoteza vivuli ukiinyima mwanga.

Kosa la pili ni kufunga filta nyekundu kwenye lenzi ili kupenya ukungu. Kweli hupunguza utusitusi wa mbali wakati wa kiangazi, maana chembe zake ni ndogo sana na hutawanya zaidi mwanga wa bluu. Matone ya ukungu ni makubwa kuliko mawimbi ya mwanga, hivyo hutawanya rangi zote karibu sawa. Filta haina la kufanya hapo: umepoteza stopu 3 bure, na misonobari imekuwa myeusi tii bila sindano hata moja inayoonekana. Funga ya njano, inayokula stopu 1 tu, au usifunge kitu.

Kuhusu kina, Guo Xi, mchoraji wa karne ya 11, alitaja umbali wa namna tatu: wa kutazama kilele kutoka chini, wa kupenya kutoka mbele hadi nyuma ya mlima, na wa kutazama mbali kwa usawa. Huu wa tatu ndio rahisi kwa kamera. Tumia lenzi ya milimita 100 hadi 200, usubiri matuta yapangane, kila la nyuma likiwa jeupe kuliko la mbele yake. Lenzi pana hugeuza kilele cha Lianhua cha Huangshan, chenye mita 1,864, kuwa kichuguu. Bahari ya mawingu huko hutokea zaidi kati ya Novemba na Mei, hasa baada ya mvua au theluji.

Sasa maji. Filta ya kijivu ya stopu 10, inayopunguza mwanga tu, hugeuza muda wa 1/30 ya sekunde kuwa sekunde 34, na kwenye filamu nyingi utalazimika kuongeza zaidi, kwa kuwa wepesi wake wa kupokea mwanga hupungua mwanga ukiingia polepole. Muda huo upepo mdogo tu huufanya mti kuwa doa. Mimi siupendi mtindo wa kulainisha maji kwa dakika nne hadi yafanane na shuka. Daodejing hiyohiyo husifu maji kwa kuwa laini na bado kushinda kigumu. Jiwe lipambane na nini hapo? Kati ya robo sekunde na sekunde 1, nyuzi za mkondo bado zinaonekana.

Mwisho ni upande wenu. Wino husambaa kwenye karatasi ya gazeti, na kijivu cha asilimia 50 huweza kutoka karibu asilimia 75. Picha za ukungu ziangazwe vijivu vyake vya katikati kabla ya kwenda mtamboni, na zizungushiwe mstari mwembamba, la sivyo ukungu utamwagikia kwenye safu ya jirani. Na ile nafasi nyeupe juu ya mlima, ambayo mpangaji kurasa wenu aliijaza maelezo ya picha, tafadhali aiache. Maelezo yakae chini.

Msomaji wenu,
Moshi